Fito ya Mwanzi Dirishani: Safari Yangu ya Mwanza

Mi kazi yangu ni kupiga video za harusi, kwa hiyo nikisafiri silali kama watu wengine, nalala na mali. Laptop ya inchi 15.6, kamera mbili, eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia video, memori kadi kama kumi hivi, na juu ya hapo kuna kitu ambacho hakina duka, sendoff ya mtu. Kamera ikiibiwa utajikongoja utanunua nyingine. Sendoff ikiibiwa utamwambia nini bibi harusi, avae tena lile gauni na mama yake alie tena palepale alipolia?

Safari ilikuwa Agosti 2025, natoka Dar naenda Mwanza, sendoff Alhamisi, harusi Jumamosi. Mpaka Dodoma nilipanda treni ya SGR, ile ya kawaida ya 31,000, masaa manne hivi begi nalitazama tu juu ya kichwa, raha mtupu. Pale Dodoma nikadaka basi, na basi likatufia mbele ya Manyoni, fundi akaja, akaenda, akarudi, mpaka tunaingia Singida ni saa sita usiku na konda anasema tulale tutaondoka alfajiri.

Nikaingia gesti karibu na stendi, elfu ishirini, maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo. Mapokezi nikapewa lile daftari, si mnalijua, jina, kabila, unatoka wapi, unaenda wapi, kazi, namba ya chumba. Kwenye kazi nikaandika mpiga video. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja dereva wa lori anasubiri zamu yake, akachungulia akacheka.

"Kijana, hapo andika mkulima."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mi naandika baada yako, na nimeshajua chumba namba saba kuna kamera."

Aisee. Miaka yote najaza yale madaftari na sikuwahi kuwaza kwamba kila anayekuja nyuma yangu anasoma. Yule mzee akanisindikiza mpaka mlangoni kabisa, akanionyesha mambo yake. Ukishafunga, ufunguo usiuchomoe, uache ndani ya kitasa na uuzungushe kidogo usikae wima, hapo mwenye ufunguo wa akiba akija kwa nje hauingii wala hawezi kuusukuma wa kwako ukaanguka. Afu chupa ya soda tupu juu ya mkono wa kitasa, ukiguswa tu chupa iko chini. Na la mwisho akasema vitu vya kazi usiviweke sehemu moja hata kama chumba ni chako peke yako, kimoja ulale nacho mwilini. Yeye hela ya mafuta analala nayo kwenye soksi, miguu yake mwenyewe, hakuna mke wala mwizi atakayeifuata humo.

Saa tisa usiku chupa ikaanguka. Niliruka na stendi ya kamera mkononi, nikasimama nyuma ya mlango natetemeka, dakika kumi, hamna kitu. Ulikuwa upepo. Wanaoijua Singida wanajua upepo wake, unatikisa mlango kama mtu anayedai kodi. Sikulala tena.

Mwanza nikafika Jumatano jioni nimechoka kama mbwa. Hoteli nilishalipiwa na kamati, siitaji jina, ya elfu sitini, chumba cha chini nyuma ya jengo, kizuri tu, kitanda kikubwa, kabati, na ndani ya kabati kuna sefu. Nikasema sasa hapa ndo penyewe, nimefika kwa wastaarabu. Laptop nikaijaribisha, haiingii, imezidi kama vidole viwili. Basi nikaweka kamera moja na kadi za benki, nikabonyeza namba zangu, ikafunga. Kuja kuifungua baada ya kuoga, imegoma, inalia tu.

Akaitwa kijana wa mapokezi. Akaja na simu sikioni, anaongea na mtu wake, akainama mbele ya sefu, hata hakunikinga nisione. Nikahesabu mlio: pi pi pi pi pi pi, sita, na kidole hakikuhama. Sifuri sita. Sefu ikafunguka. Namba ya kiwandani, hawakuibadilisha toka walipoinunua, kwa hiyo kila aliyewahi kufanya kazi pale anaijua, na kila mgeni aliyewahi kukwama kama mimi anaijua. Kumalizia uchungu nikaishika ile sefu nikainyanyua, ikaja yote. Haijafungwa ukutani hata kwa skrubu moja. Yaani mtu anakukusanyia vitu vyako vya thamani kwenye boksi moja lenye mshikio.

Nikaachana nayo. Nikawa nazunguka na begi langu zima, hata kwenye kula sato pale Kirumba begi liko katikati ya miguu, kamba nimeizungusha kwenye goti.

Alhamisi sendoff ikaisha saa saba usiku, na si mnajua sendoff za Kisukuma zinavyochezwa, mi nacheza nao huku nashuti, mgongo umekufa. Nimerudi chumbani kama saa nane. Kazi haijaisha hapo, lazima nihamishe kila kitu kutoka kwenye kadi kwenda laptop na kutoka laptop kwenda eksteno, ndo nilale. Kwenye kile chumba soketi zilikuwa tatu na inayofanya kazi moja, ukutani chini ya dirisha, ndo meza yao ilipo. Joto lile la usiku, feni inazungusha hewa ya moto, nikasukuma kioo cha dirisha nikakiacha wazi. Kuna nondo, kuna wavu wa mbu, nani atapita? Mlango nikafunga kwa mtindo wa mzee wa Singida, ufunguo ndani, umezungushwa. Kadi zilipomaliza kuhamia nikazichomoa nikaziweka mfuko wa pensi niliyolalia. Eksteno nikaiacha inaendelea kupokea. Nikazima taa.

Saa moja asubuhi naamka, eksteno haipo. Pochi iliyokuwa mezani haipo, ina 180,000 ya kulipa msaidizi wangu. Na laptop, hii ndo ilinichanganya, laptop ipo lakini sivyo nilivyoiacha, imesimama ubavu imeegemea nondo za dirisha, waya wa chaja umevutika mpaka umekuwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Akili haikufanya kazi. Nilifungua mlango nikatoka na pensi vilevile, koridoni kuna dada wa usafi anapiga deki, nikamwendea yeye. Nilimwambia maneno. Sitayaandika hapa, ila nilimwita mwizi mbele ya wageni waliokuwa wanaenda kunywa chai, nikataka ndoo yake ipekuliwe. Akaja meneja, akaja yule kijana wa sifuri sita, watu wakajaa.

Yule dada hakupandisha sauti. Aliegemea mopa yake akaniuliza, "Kaka, mlango umefungua na nini sasa hivi?"

Nikamwambia na ufunguo.

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Kwenye kitasa. Kwa ndani. Umezungushwa.

Akaniangalia tu. Hakuongeza neno. Akaiweka mopa chini akapita mlango wa jikoni akazunguka nyuma ya jengo, sisi wote nyuma yake kama watoto wa shule, mpaka chini ya dirisha langu. Wavu ulikuwa umekatwa pembeni, herufi L safi kabisa, umerudishiwa vizuri usionekane. Na kwenye maua, fito ya mwanzi ndefu kama mita mbili na nusu, nchani wamefunga waya wa henga ya nguo kwa mpira wa baiskeli, umekunjwa ndoano. Meneja akaiokota. Nilipoiona ile ndoano ilivyosuguliwa ikang'aa, nikajua haikuanza na mimi.

Eksteno ni ndogo, ina waya wake, ilinaswa ikapita kirahisi. Pochi ndo kabisa. Laptop waliivuta mpaka kwenye nondo, wakaigeuza ubavu ipite, ila chaja ilikuwa imekaza kwenye soketi na waya haukutosha. Chaja ya elfu thelathini ya Kariakoo ndo imeniokolea laptop, mi na uzoefu wangu wote nilikuwa nakoroma mita moja na nusu kutoka hapo.

Meneja hakugombana, alininyooshea kidole tangazo la mapokezi kwamba uongozi hauhusiki na mali isiyokabidhiwa. Ningeikabidhi kwa nani, kwa mwenye sifuri sita? Nikaenda polisi kuchukua RB, ile namba ya kwamba umeripoti. Askari mstaarabu tu, akaandika, akafika kwenye serial namba akaninyanyulia macho. Sina. Kwenye maisha yangu nimepiga picha za watu maelfu kwa maelfu, na sijawahi kukigeuza kifaa changu hata kimoja nikapiga picha ile namba ya mgongoni. Simu ningebonyeza *#06# nikapata IMEI, eksteno nibonyeze nini?

Jumamosi kwenye harusi nilikuwa naongea na binamu wa bwana harusi, jamaa wa IT kutoka Nairobi, nikamweleza kwamba eksteno imeibiwa ila bora kadi zilibaki mfukoni, sendoff ipo salama. Akaniuliza, "Sawa, lakini hiyo ngine iko na nini ndani? Ulikuwa umeifunga?" Hapo ndo tumbo likaniuma upya. Mle ndani kulikuwa na harusi kumi na nne za watu, kitambulisho changu cha NIDA nimeskani, na faili nimeliita kabisa PASIWEDI. Haina enkripsheni, yeyote akiichomeka anasoma. Laptop yenyewe nilishaiwekea BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha mafaili, eksteno nilikuwa naiona kama kabati tu. Nikamwambia bora ningelala hoteli aliyofikia yeye, ile ya kufungua mlango kwa kadi ya kugusisha, akacheka, akasema mwaka 2024 kuna watafiti walitangaza udhaifu wa kufuli za hoteli zinazoitwa Saflok, milango zaidi ya milioni 3 nchi 131, unapata kadi moja tu ya hoteli hata iliyoisha muda, unatengeneza kadi mbili, ya kwanza inaandika upya kitu kwenye kufuli, ya pili inafungua. "Lakini huyo wako hata hakuhitaji kompyuta," akasema. Kweli. Alihitaji henga.

Usiku huohuo nilibadilisha pasiwedi zote nimekaa sakafuni bafuni, mbali na dirisha.

Jumapili nikimkabidhi meneja ufunguo nikamtafuta yule dada. Nilikuwa nimekunja elfu ishirini mkononi na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga. Hela hakuipokea. Radhi alipokea, kwa shingo upande, afu akaniuliza, "Kwani wewe unapigaga harusi bei gani?" Mdogo wake alikuwa anaolewa Desemba, kwao Sengerema. Nilimtajia bei, akanitajia ya kwake, na kwa aibu niliyokuwa nayo sikuwa na mdomo wa kubishana.

Nikaenda. Tumepita daraja jipya la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, pale tulipokuwa tunapanga foleni ya kivuko masaa sasa unapita hujamaliza hata soda. Kwao nikapewa chumba cha uani, mlango hauna kitasa, ni pazia la kitenge. Dada akaniona nimesimama na begi naangalia lile pazia, akalichukua begi bila kuniuliza, laptop, kamera, eksteno mpya na kila kitu, akaenda kulisukuma chini ya kitanda cha bibi yao, bibi akiwa juu yake amelala.

"Hapo," akasema, "mpaka asubuhi."