Afisa wa Mwele: namna ya kumtafuta Wavell na askari wake Waarabu

Sanamu za askari zilizo kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, hapa Mombasa, zilisimamishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi. Maandishi yake yanawataja kwa jumla, jina la mtu halimo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuandika habari za kikosi kidogo cha pwani anaanza na pengo. Njia moja ya kuliingia ni kumshika afisa, maana afisa huacha karatasi, kisha karatasi hizo kuzisoma kwa jicho la kuwatafuta waliokuwa ubavuni pake.

Mfano mzuri kwetu ni Arthur John Byng Wavell. Mwingereza huyu alizaliwa 1882, akapigana vita vya Makaburu Afrika Kusini, akaacha jeshi akaja pwani yetu, akajua Kiswahili na Kiarabu. Alihiji Makka msimu wa 1908 na 1909 kwa kujifanya Mzanzibari, jina lake la safari Ali bin Mohammed, akiongozana na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. Vita vilipozuka Agosti 1914 aliunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, ambacho nyaraka zinakiita Arab Rifles. Tarehe 9 Januari 1916 aliuawa karibu na Mwele, kwenye milima ya Shimba. Hayo mtu anayapata kwa siku moja. Kazi inaanza baada ya hapo.

Mtego wa kwanza ni jina. Ukiandika "A. Wavell" kwenye katalogi yoyote utamwagiwa habari za Archibald Percival Wavell, jamaa yake, aliyekuja kuwa jemadari mkuu wa Uingereza Mashariki ya Kati na baadaye mtawala wa India. Huyo alizaliwa 1883, mwaka mmoja tu baadaye, naye pia alipigana na Makaburu. Umri unalingana, vita vinalingana, jina la ukoo ni moja, na herufi ya kwanza ni moja. Kwa hiyo usikubali karatasi yoyote mpaka uone herufi zote tatu, A. J. B., au jina la rejimenti. Archibald alikuwa wa Black Watch, huyu wetu alikuwa wa rejimenti ya Wales. Hata hapo pana kasoro: kabla ya 1920 jina rasmi la rejimenti hiyo liliandikwa "Welsh", na kuanzia mwaka huo likawa "Welch". Waandishi wa baadaye walimpa Wavell tahajia ya pili, ilhali karatasi za wakati wake zina ya kwanza. Tafuta zote mbili, la sivyo nusu ya matokeo hutayaona.

Mtego wa pili ni cheo. Mwaka mmoja na miezi michache ya vita huweza kumpa mtu mmoja vyeo vitatu: cheo cha kudumu alichoachia jeshi, cheo cha muda alichopewa aongoze kikosi, na kile ambacho watu walimwita tu kwa mazoea. Vyote ni vya kweli kwa namna yake. Usichague kimoja ukafuta vingine. Piga safu nne kwenye daftari: cheo, tarehe kilipoanza kutumika, nani ameandika, na aliandika lini. Safu ya nne ndiyo wengi huisahau. London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza ambalo husomwa bure mtandaoni, hutangaza uteuzi wiki au miezi baada ya siku ulipoanza, na ndani ya tangazo kuna tarehe ya nyuma. Ukichukua tarehe ya gazeti badala ya tarehe ya uteuzi, mtu wako atakuwa amepandishwa cheo akiwa kaburini. Kitafutio cha gazeti hilo husoma vibaya chapa iliyofifia, "ll" ikawa "U" na "W" ikakatika vipande. Dawa ni kuacha kutafuta kwa jina, ukaingia kwenye faharisi zake za kila miezi mitatu na kusoma kwa macho.

Faili za maafisa wa vita hivyo ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London. Wa jeshi la kudumu na akiba yake wako kwenye mfululizo WO 339, na wa jeshi la kujitolea la nyumbani Uingereza (Territorial Force) na wengine wa muda kwenye WO 374. Kadi za nishani ni WO 372, na shajara za vikosi ni WO 95. Usitarajie makubwa kutoka faili binafsi. Bomu la Septemba 1940 liliteketeza kumbukumbu kuu za utumishi, na kilichobaki cha maafisa ni faili za barua, ambazo nazo zilikuwa zimepunguzwa na makarani kabla ya hapo. Mara nyingi ndani utakuta madai ya pesa, ripoti ya jeraha, na barua za ndugu baada ya kifo. Barua za ndugu zisomwe mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndimo panapotajwa mtumishi, mali iliyoachwa, na nani alileta habari ya kifo. Katalogi husomwa bure ukiwa hapa hapa Mombasa. Kinachogharimu ni nakala. Kabla ya kulipa, andika namba kamili ya faili pamoja na namba ya kipande, na uulize ina kurasa ngapi.

Shajara ya kikosi ina thamani kuliko faili, lakini ina tabia yake. Afisa akiuawa, aliyeishika kalamu naye hubadilika, na siku za karibu na kifo mara nyingi huandikwa baadaye kwa kukumbuka. Angalia mwandiko na wino. Kurasa za siku tatu zikiwa na mwandiko mmoja na wino mmoja bila kituo, ujue zimeandikwa kwa mkupuo mmoja, na saa zilizotajwa humo ni za kukisia. Tena, kikosi kidogo kama cha Waarabu mara nyingi habari zake zimo ndani ya shajara ya mkubwa wake, yaani makao ya kamanda wa eneo au kikosi cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Kiafrika la Waingereza) kilichokuwa jirani. Soma za jirani zote kwa tarehe ile ile.

Nairobi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyo Moi Avenue, tafuta majalada ya mkuu wa jimbo la pwani. Moto wa 1939 uliunguza karatasi nyingi za ofisi kuu ya serikali, ndiyo maana barua inayokosekana upande wa Nairobi hutafutwa kwenye nakala ya jimbo, au kwenye mawasiliano yaliyopelekwa London, mfululizo CO 533. Nenda na kitambulisho na penseli. Gazeti rasmi la himaya ya wakati ule lina matangazo ya mirathi. Kwa aliyekufa Januari 1916, pitia matoleo ya miezi 18 inayofuata, kwani tangazo la wadai hutaja mali na wakili.

Sasa Mwele yenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona makosa makubwa. Kuna vita viwili vya Mwele. Agosti 1895 jeshi la majini la Waingereza chini ya Admirali Rawson liliivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui huko Mwele. Nishani iliyotolewa kwa vita hivyo ina neno la Mwele na mwaka, limechongwa ukingoni. Miaka 20 na miezi mitano hivi baadaye Wavell anauawa kwenye milima ile ile. Familia ikisema "babu alikufa Mwele," swali lako la kwanza liwe: vita vya Mbaruk au vita vya Mjerumani? Na la pili: alikuwa upande gani? Katika vita vya kwanza Mwarabu wa pwani aliweza kuwa ndani ya ngome au nje yake. Usimdhanie mtu upande kwa sababu ya ukoo wake.

Tahajia za mahali nazo zinapotosha. Ramani na ripoti zina M'wele, Mwele Mdogo, Mwele Ndogo. Gazi huandikwa Gasi, Vanga huandikwa Wanga, na Jasini ya mapigano ya Januari 1915 huandikwa Jassin na Jassini. Chukua ramani ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo la Kwale, utie alama kila jina lenye shaka kwa penseli, ukiandika pembeni karatasi ulikolitoa. Ukitaka kufika, unavuka feri ya Likoni, unapanda hadi Kwale, na sehemu kubwa ya msitu iko ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, yenye ndovu. Ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na askari wa kukuongoza si jambo la kuruka.

Tarehe isawazishwe na kalenda ya kwetu kabla hujamkabili mzee yeyote. Tarehe 9 Januari 1916 ilikuwa Jumapili, nayo ni kama tarehe 3 Rabi al-awwal 1334, Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja. Hii ina faida kubwa. Ukiuliza "mwaka 1916 palitokea nini," utapata kimya. Ukiuliza kama kuna aliyeuawa na Mjerumani mwanzo wa Mfunguo Sita, Maulidi yakiwa karibu, umempa mtu kamba ya kushika. Saa nazo zina hesabu yake: mzee akisema saa tatu asubuhi, Mwingereza ameandika tisa. Ukikuta tofauti ya saa sita kamili kati ya masimulizi na shajara, hakuna mgongano, ni namna mbili za kuhesabu.

Piga pia hesabu ya vizazi. Askari wa miaka 25 mwaka 1916 alizaliwa 1891 hivi. Watoto wake wamekwisha kufa karibu wote. Unayemkuta leo Mji wa Kale, Likoni au Gazi ni mjukuu, naye alisikia kwa baba au shangazi. Muulize alisikia kwa nani, wakati gani, nyumba gani. Anza kwa salamu na muda wa kutosha, umwite maalim, sharifu, mzee au bi kama mtaa unavyomwita, kisha uombe jina la babu, la baba wa babu, ukoo, na msikiti alioswalia. Swali la vita liache mwishoni. Ukilitanguliza, utajibiwa habari za vita zilizokwisha kusikika redioni.

Majina ndiyo yanayokula muda. Masaudi yule wa safari ya Makka anaweza kuwa Masudi, Masoud, Masaud, Masood au Mas'ud, kutegemea karani. Majina ya Washihiri, Waarabu wa asili ya Hadhramaut, yanayoanza na Ba, kama Bawazir, hukatwa vipande viwili na kuwekwa chini ya W. "Bin" huachwa, jina la baba likageuka jina la ukoo. Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina shida nyingine: herufi moja ya be ilibeba b, p na mb, na wengi hawakuweka irabu, basi neno moja lina usomaji mitatu au minne. Nakili herufi kama zilivyo kwanza, halafu usomaji wako chini yake kwa rangi nyingine. Anayeandika usomaji peke yake hana pa kurudi akigundua amekosea. Kwa kila mtu mmoja fungua kadi moja yenye tahajia zote, na usiunganishe kadi mbili kwa kufanana jina tu. Lazima jina la baba, mtaa au namba ya askari vikubaliane pia.

Namba hiyo mara nyingine iko sandukuni nyumbani. Nishani ya fedha ya vita hivyo ina upana wa milimita 36, na ukingoni mwake pamepigwa chapa ya namba, cheo, jina na kikosi. Ile nyota ya shaba ya 1914-15 ina maandishi hayo mgongoni. Waombe wenyewe wasiisugue kabla hujafika, si kwa majivu wala ndimu wala dawa ya shaba, maana chapa ni nyembamba na familia nyingi zimeifuta jina kwa kupenda ing'ae. Ishike kwa kitambaa, zima taa ya chumba, weka mwanga wa simu ubavuni kabisa, uwe karibu kulala juu ya meza, kisha zungusha nishani polepole kama unavyozungusha kikombe cha kahawa. Kivuli kitaingia ndani ya herufi. Piga picha kila robo ya mzunguko, nne au tano zinatosha. Andika unachokiona pamoja na makosa yake ya tahajia bila kusahihisha, na pasiposomeka weka nukta, moja kwa kila herufi. Ukishapata hata tarakimu tatu za namba, rudi kwenye orodha za nishani na shajara ukatafute kwa namba, kwa kuwa karani aliyeshindwa kuandika Masaudi hakushindwa kuandika 214.