Niacheni na lakabu yangu

Jamani hii sheria mpya ya grupu letu la ushairi la WhatsApp, ya kutaka kila mtu aweke majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho badala ya lakabu, yaani jina lake la kishairi, imenikaa vibaya sana na naiandika hapa maana kule kila nikianza kueleza watu wanarusha beti mpya na hoja inapotea.

Sababu ya admini naielewa. Kuna watu walikuwa wanaingia na majina ya ajabuajabu, wanatukana, wanatoka, kesho wanarudi na jina lingine. Lakini tiba yake sio hii. Korea Kusini waliiweka mpaka kwenye sheria, toka 2007 tovuti kubwa zikalazimishwa kuhakiki kila anayechangia, na 2012 mahakama yao ya katiba ikaifuta. Google+, ule mtandao wa kijamii wa Google, nao walianza 2011 na sharti la majina halisi, 2014 wakaliondoa. Na sisi wenyewe si tunaona, watu wanatukana Facebook kwa jina kamili na picha ya harusi juu!

Halafu ushairi wetu umelelewa na lakabu. Ahmad Nassir ni Malenga wa Mvita, Andanenga ni Sauti ya Kiza. Kwenye kurasa za mashairi magazetini jina halisi mara nyingi lilikuwepo, sikatai, ila watu walikuwa wanajibizana kwa lakabu, wa Tanga anauliza wa Mombasa anajibu, wiki na wiki, na mtu aliyehangaika miaka kuijenga lakabu yake hawezi kukubali kuichafua kwa matusi, hata kwa vina vya kulazimisha hakubali.

Kuna dada mmoja mwalimu (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) alikuwa anatunga mashairi ya mapenzi, nane kwa nane, mizani haipindi, kina cha kati kinaingia kama hakijatafutwa vile. Tangu sheria itoke hajaweka hata ubeti. Nikamfuata inboksi, akasema humo kuna wazazi wa wanafunzi wake, watamtazamaje. Sasa hapo grupu limepata nini? Tena WhatsApp namba yako tayari wanaiona wote, ukijumlisha na majina matatu mtu anakusaka Facebook dakika mbili anajua mpaka unapofanya kazi, na akina dada ndio wanaopigiwa simu saa tano usiku na watu wasiowajua.

Ombi langu kwa maadmini ni hili: kila mtu achague lakabu moja, aishi nayo, hakuna kubadilisha. Majina halisi wabaki nayo wao tu, kama mhariri wa gazeti. Anayetukana atolewe, na kwa kuwa admini anamjua hawezi kurudi kwa jina jipya. Langu nimeshamtumia.