Kizimba cha nyuki cha kupimia sumu, katika hewa ya Dar

Nyuki 30 wasiopewa sumu, vizimba 3, saa 48. Wakifa 4, jaribio zima unalirudia, kwa sababu mwongozo namba 213 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), unaohusu sumu ya kula, hauruhusu vifo kuzidi asilimia 10 katika kundi hilo. Kwa hiyo kabla ya kupima sumu ya dawa kwa nyuki, pima kizimba chenyewe: weka nyuki na maji ya sukari matupu, subiri siku mbili, hesabu.

Kizimba kimoja ni cha nyuki 10. Gilasi ya plastiki angavu ya mililita 250 hadi 300, zile za juisi zinazouzwa kwa pakiti Kariakoo, inatosha. Tazama namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako. Ikiwa 5, chukua. Ikiwa 6, iache: hiyo ni polistirini, na asetoni inayotumika kuyeyushia sumu nyingi huila. Seremala wa Keko atakutengenezea kasha zuri la mbao, lakini mbao hufyonza sumu na hazisafishiki, kwa hiyo ni la kutumia mara moja tu.

Ifunike gilasi kifudifudi juu ya kisahani chenye karatasi ya chujio. Toboa matundu 25 au 30 ya milimita 2 kwa sindano ya moto, siku moja kabla, ili harufu ya plastiki iliyoungua iishe. Vizimba visigusane. Nyuki hulishana ulimi kwa ulimi, hata kupitia tundu, na aliye katika kundi safi anaweza kupokea sumu ya jirani. Tabia hiyohiyo ndiyo inayotuwezesha kugawa kwa 10 chakula kilicholiwa na kupata wastani wa dozi ya kila nyuki.

Ukihitaji wavu, usikate chandarua cha nyumbani! Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa kiuatilifu cha jamii ya pairethroidi, na nyuki anayevitembelea anakufa kabla hujamlisha chochote. Tumia wavu wa chuma cha pua. Kwa sababu hiyohiyo, chumba hakipulizwi dawa ya mbu wala hakichomwi dawa ya koili, na mlinzi wa usiku lazima aambiwe. Sisimizi wazuie kwa kusimamisha miguu ya meza katika mabakuli ya maji yenye sabuni.

Chakula kinachobeba sumu ni maji ya sukari, gramu 500 kwa lita. Washindishe nyuki njaa, isizidi saa 2, kisha wape maikrolita 100 hadi 200 (mililita 0.1 hadi 0.2) kwa kizimba. Bomba la sindano la mililita 1 lililokatwa ncha linafaa, likipenyezwa kwenye kitako cha gilasi kilicho juu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maji ya sukari yanatoka kwenye friji, bomba lina kiputo cha hewa, kizimbani kuna joto. Kiputo kinavimba na kusukuma matone nje. Nyuki wananata na kufa, na dozi imemwagika bila mtu kujua kiasi. Pasha maji ya sukari hadi joto la chumba cha jaribio kwanza, toa kiputo chote, ndipo ujaze. Pima uzito wa bomba kabla na baada. Maikrolita 200 zina gramu 0.24 hivi, kwa hiyo mizani isiyosoma miligramu haisaidii kitu.

Sasa hewa, kwani Dar ina tabia yake. Jaribio hili linataka nyuzi 25, pungufu au zaidi kwa 2, na unyevu wa asilimia 50 hadi 70, gizani. Inkubeta, yaani kabati la kutunza joto, ikiwa ni ya kupasha tu, haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Ukipoza hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 hadi nyuzi 25 bila kuitoa maji, unyevu unapanda karibu na 95. Chumba chenye AC hupunguza maji hayo. Vinginevyo weka ndani ya kabati trei ya chumvi ya magnesiamu naitreti iliyolowa, ambayo kwa nyuzi 25 huvuta unyevu kuelekea 53. Punje zionekane chini ya maji yake muda wote. Zikiyeyuka zote, ongeza. Chumvi ya mezani huishia 75, imezidi.

Jaribio la siku 10, la mwongozo wa OECD namba 245, hufanyika kwa nyuzi 33, na hapo pwani inakubeba: hewa ileile ya nyuzi 28 ikipashwa hadi 33 inashuka yenyewe hadi unyevu wa 60 hivi.

Kagua kwa taa nyekundu, maana nyuki hawaioni rangi hiyo. Umeme ukikatika usifungue mlango. Chupa za maji za lita 1.5 zilizokaa ndani tangu mwanzo zitachelewesha joto kubadilika.

Na kila siku weka kizimba kimoja kisicho na nyuki, chenye bomba lililojaa kama mengine. Uzito linaopoteza ni wa maji yaliyokauka. Utoe kwenye kila hesabu ya chakula, la sivyo utaandika kwamba nyuki wamekula sumu ambayo hawakuigusa.