Prosesa Mpya Sasa au Ningoje? Hesabu ya Mhariri wa Video wa Mombasa

Yeyote anayetegemea kompyuta kwa riziki yake hufika mahali akajiuliza kama abadilishe prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, leo au avumilie mpaka toleo lijalo litoke. Mimi nimefika hapo. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na mwenye harusi akishatoka fungate hana subira tena. Anataka video yake, na ndugu zake walio Oman na Uingereza wanaiulizia kila siku. Kompyuta yangu ina ubao mama (motherboard) wa B450 na prosesa ya AMD ya Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, yenye viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa pamoja). Haina ugonjwa wowote, ila video za kamera za siku hizi zimeizidi nguvu.

Kabla ya kuulizia bei nilitaka nijue kwanza ni kifaa gani hasa kinachochelewesha kazi, kwa sababu nimeona watu wengi wakitoa pesa kwa ajili ya prosesa ilhali tatizo lao lilikuwa diski kuukuu au RAM (memori ya kufanyia kazi) ndogo. Jambo hili halihitaji fundi. Katika Windows, fungua Task Manager, fanya ile kazi inayokukera, kisha tazama namba. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 huku prosesa imetulia, nunua SSD (diski ya kasi) na usahau habari za prosesa. RAM ikiwa imejaa pomoni, ongeza RAM. Kwangu mimi diski ilikuwa kimya, RAM ya GB 32 ilikuwa na nafasi, na prosesa peke yake ndiyo iliyokuwa imegota juu, haishuki.

Sababu yake inafaa kuelezwa, maana wahariri wengi wa pwani wanatumia kamera za aina hiyohiyo. Kamera nyingi mpya hurekodi kwa mfumo wa kubana video wa H.265 wa biti 10 na rangi za 4:2:2 (yaani wenye taarifa nyingi za rangi), na kadi nyingi za grafiki haziwezi kuufungua mfumo huo zenyewe. Kwa upande wa Nvidia, mtengenezaji wa kadi hizo, uwezo huo ulikuja na kadi za RTX 50 mwaka 2025, ingawa grafiki za ndani za prosesa za Intel zilikuwa nao miaka kadhaa kabla. Kadi ikishindwa, mzigo wote huangukia prosesa. Mtu anaweza kutengeneza kwanza nakala nyepesi za video, akahariri kwa hizo na kurudi kwenye faili asilia mwishoni, na ndivyo nimekuwa nikifanya. Hata hivyo, kuzitengeneza nakala hizo nako ni kazi ya prosesa ileile, na harusi ya siku tatu ina video nyingi mno.

Sasa tuje kwenye soketi, yaani tundu la ubao mama ambamo prosesa hukaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Soketi ya AM4 ya AMD ilianza kupokea prosesa za Ryzen mwaka 2017 na imeishi muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Ubao wa B450, uliotoka mwaka 2018, unakubali prosesa za Ryzen 5000 zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, mradi BIOS yake (programu inayoiamsha kompyuta) isasishwe. Katika 2600 yangu, viini 6 vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, na kila kundi lina akiba yake (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 8. Kiini cha kundi hili kikihitaji kitu kilichoko kwa kundi lile, lazima kifuate njia ya mzunguko. Katika Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5700X, za familia hiyo ya 5000, viini vyote vimekaa pamoja na vinachota kwenye akiba moja ya MB 32. Kwa hiyo hata anayetoka viini 6 kwenda viini 6 hupata kompyuta iliyochangamka zaidi, na anayekwenda 5700X huongezewa viini viwili juu yake. Zote tatu zimekadiriwa wati 65, hivyo pawa saplai haiguswi.

Mpwa wangu, ambaye anafuatilia habari hizi kuliko mimi, hakukubaliana nami. "Mjomba, kwa nini ununue kitu cha 2022? Ngoja Zen 6 itoke, uhamie AM5 mara moja." Zen 6 ni kizazi kipya cha prosesa za AMD, nayo AM5 ni soketi iliyoifuata AM4. Hoja yake si ya kupuuzwa. AM5 ilitoka Septemba 2022, na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo anayeingia huko leo hajafungiwa njia. Nilimjibu, "Mwanangu, mimi sinunui prosesa peke yake nikienda huko." AM5 haipokei kabisa RAM ya DDR4, aina niliyo nayo; inataka DDR5 iliyoifuata. Ningelazimika kununua prosesa, ubao mama na RAM ya DDR5 kwa pamoja, na hapo kwenye RAM ndipo hesabu inapokatika.

Zamani kungoja kulikuwa na faida ya wazi. Toleo jipya likitoka, la zamani lilishuka bei, na RAM ilizidi kuwa rahisi kadiri miezi ilivyopita. Hata shilingi iliwahi kuwapa faida waliosubiri: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imerudi karibu na 130, kwa hiyo aliyeahirisha kuagiza vifaa miezi michache alilipa pungufu bila kufanya lolote. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 mambo yamegeuka. Viwanda vya memori vinaelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba, na bei ya RAM ya watu wa kawaida imepanda kwa kasi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina la RAM na SSD ambalo wengi wetu tumelinunua kwa miaka. DDR4 nayo imepanda, na hiyo ni sababu nyingine ya mwenye GB 32 zake nzima kuzishikilia.

Kuna pia suala la joto, ambalo wanaoandika kutoka nchi za baridi hawana haja ya kulizingatia. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, chumba kisicho na AC hapa kisiwani hakipoi hata usiku, na kompyuta hupozwa kwa hewa hiyohiyo. Prosesa kama Ryzen 5 7600X ilitengenezwa ikiwa na ruhusa ya kufika nyuzi joto 95 ikibanwa na kazi. Haiharibiki kwa hilo, lakini feni hupiga kelele na chumba huzidi kuwaka. Mimi nitachagua ya wati 65 bila kusita.

Kazi yenyewe ya kubadilisha inataka utulivu. BIOS husasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, na kompyuta iwe imechomekwa kwenye UPS yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo ubao unaweza kufa moja kwa moja. Kisha iachie kompyuta ifanye kazi kidogo ipate moto, izime, chomoa waya, na ndipo ulegeze feni. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa, haziko kwenye ubao. Ile dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya feni na prosesa ikiwa imekauka, ukiivuta feni wima itang'oka na prosesa yake, pini zikiwa zimepinda. Izungushe taratibu kulia na kushoto mpaka uisikie imeachia. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, nayo lazima iangaliane na alama iliyo kwenye soketi. Ikikaa sawa, huzama yenyewe bila kusukumwa.

Sipendi ushauri huu umfikie mtu asiyemhusu. Wengi hapa mjini wanatumia kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zenye Intel ya kizazi cha 6 au cha 7. Soketi yake inafanana kwa umbo na ya kizazi cha 8, lakini ubao wake haukikubali kizazi hicho, na prosesa hizo karibu zote hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, huku Windows 10 ikiwa imeachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine hiyo asiitilie shilingi. Na anayevutiwa na Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au cha 14 ya mtumba aulize kwanza iliwahi kutumika na BIOS gani, kwa kuwa kasoro ya volteji iliyothibitishwa na Intel mwaka 2024 huzuiwa na sasisho, ila prosesa iliyokwisha kudhurika haiponi.

Nitachukua 5700X, na nitaipachika mwezi wa Ramadhani, kazi za harusi zinapopungua, ili mfunguo mosi ukiingia kompyuta iwe imeshajaribiwa. Mpwa wangu, ambaye shida yake ni michezo, nimemwambia 5600 inamtosha na salio alitie kwenye kadi ya grafiki. AM5 nitaifikiria upya siku bei ya DDR5 itakaporudi chini.