Wasifu wa Baba

Baba alifariki dunia Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2006, katika hospitali alikoletwa kutoka Korogwe baada ya maradhi ya figo kumzidi, na msiba ukawekwa nyumbani kwa kaka yangu Tabata wakati tukijiandaa kumsafirisha kwenda kuzikwa nyumbani. Kamati ya mazishi ilikuwa imekwisha kugawana kazi kabla sijafika: kuna aliyeshughulikia basi, aliyeshughulikia sanduku, na waliosimamia chakula. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilipewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu, ambao ungesomwa kesho yake asubuhi wakati wa kuaga mwili.

Nilikwenda kwenye duka la stesheneri karibu na kituo cha daladala. Binti aliyekuwa akichapa hakuniuliza mengi, kwa sababu tayari alikuwa na mfano kwenye kompyuta yake, na alichohitaji kutoka kwangu ni tarehe ya kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi na vyeo, maradhi, pamoja na idadi ya watoto na wajukuu. Baba alizaliwa mwaka 1941, alisoma hadi darasa la nne, na hakuwahi kuwa na cheo chochote. Sehemu ya kazi ikajazwa kwa mstari mmoja, kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani mjini Korogwe hadi alipougua. Ulikuwa ukweli mtupu, lakini sikuwa tayari maisha ya kazi ya miaka zaidi ya arobaini yaishie hapo. Nilimwomba asichape kwanza, nikarudi msibani.

Jioni hiyo chini ya turubai walikaa watu wengi wa Korogwe wanaoishi Dar es Salaam, wengine wakiwa wametoka mbali kama Mbagala na Gongo la Mboto. Nilianza kuwauliza, mmoja baada ya mwingine, wanamkumbuka Baba kwa lipi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mkata mkonge alinirudisha kwenye miaka ambayo sikuiona. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Korogwe ilizungukwa na mashamba hayo, kwa hiyo siku ya mshahara vibarua walishuka mjini na kujipanga kwenye kibaraza cha Baba kupimwa suruali. Baadaye kamba za nailoni ziliangusha bei ya mkonge, mashamba yakaanza kuota vichaka, na wateja wale wakapungua mwaka hadi mwaka.

Waliomwokoa Baba ni watoto wa shule. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, madarasa yalifurika, na kila mtoto alihitaji sare. Hapo ndipo akina mama waliokuwa wakichambua mchele walipodakia mazungumzo, kwa sababu walichokikumbuka wote kilikuwa kimoja: pindo. Baba aliacha pindo la kaptula au sketi lenye upana wa vidole vinne, akalishikiza kwa mshono mrefu ambao ni rahisi kufumua. Mtoto akirefuka, mama yake alirudi na vazi lile lile. Baba alilifumua kwa wembe, akatandaza kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya alama ya mkunjo wa zamani, akapitisha pasi ya mkaa polepole hadi mvuke utoke na alama ifutike, kisha akashona pindo jembamba zaidi. Kwa kazi hiyo hakumtoza mtu. Mafundi wenzake walimwambia kwamba anajifukuzia wateja mwenyewe, na kwa hesabu za biashara walikuwa sahihi, kwa sababu sare moja iliweza kuvaliwa na ndugu wawili au watatu kabla ya kuchakaa.

Ugumu wa baadaye niliushuhudia mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 masharti ya biashara yalilegezwa, marobota ya mitumba yakaanza kufika, na mafundi kadhaa wa mtaa wetu wakafunga kazi. Baba alikubali kuyarekebisha mavazi yale yale yaliyomnyang'anya kazi, akipunguza viuno na kufupisha mikono ya makoti, huku chimni ikiwaka hadi usiku mkubwa. Watoto sita tulisomeshwa kwa fedha hiyo.

Nilimwuliza Mama kama niandike pia habari za daftari la madeni, kwa kuwa nilifahamu kwamba Baba aliwashonea watu wengi ambao hawakulipa, na niliona ni ushahidi wa wema wake. Mama alikataa katakata. "Waliokuwa wakidaiwa na baba yako, baba yako aliwajua," alisema. "Hakuna sababu ya kuwatangaza mbele ya watu." Nililiacha, na ninaamini kwamba Mama alikuwa akisema kwa niaba yake.

Niliporudi stesheneri usiku, duka likikaribia kufungwa, wasifu ulikuwa umefika kurasa mbili. Mwenyekiti wa kamati alinung'unika kwamba safari ni ndefu na kwamba wasifu wa mtu ambaye hakuwa kiongozi haupaswi kuzidi ukurasa mmoja. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyepangiwa kuusoma, aliichukua karatasi, akaipitia kimya kimya kwa miwani yake, akasema kwamba ataisoma yote.

Asubuhi aliisoma bila haraka. Alipofika kwenye habari za pindo, sauti kadhaa za wanawake ziliitikia, "Kweli kabisa!" Akangoja zinyamaze. Kisha akashusha karatasi na kuongeza jambo ambalo halikuandikwa: kwamba cherehani ya kwanza, Singer ya mkono iliyokwisha kutumika, waliinunua wao wawili kwa fedha walizopata kwa kukata mkonge, na kwamba yeye alipoamua kuondoka Korogwe kutafuta maisha Dar es Salaam, hakudai arudishiwe fedha. "Mdogo wangu alinilipa nusu yangu kwa kunishonea nguo," alisema. "Kila Krismasi, suruali na shati, hata baada ya deni kwisha zamani. Na hili nililovaa ni lake."

Jambo hilo sikulijua, na Mama naye alisema hakulijua. Tukiwa njiani, basi liliposimama Chalinze watu wanywe chai, nilitoa nakala zilizobaki na kuliandika kwa kalamu chini ya kila moja, ili lisomwe tena kanisani Korogwe kabla ya kwenda makaburini.