Nani kawaambia kuchuma zabibu ni kazi nyepesi?

Kila ikikaribia Julai ujumbe ni uleule: "Kaka, nasikia Italia wanatafuta watu wa kuchuma zabibu. Kuchuma tu! Nifanyie mpango." Hilo neno "tu" ndilo linalonichefua.

Chukueni Pantelleria, kisiwa kilicho kati ya Sicilia na Tunisia. Zabibu yake inaitwa zibibbo, jina lililotoka kwenye zabib ya Kiarabu, ndugu wa jina letu hili. Aliyezoea mashamba ya Hombolo, Dodoma, nguzo na waya, mavuno mara 2 kwa mwaka, asahau. Huku ni mara 1, na waya hakuna kwa sababu ya upepo. Kila mzabibu unachimbiwa shimo la sentimita 20 hivi na kukaa humo kama kuku anayeatamia. Shimo linaukinga na kuukusanyia mvua ya majira ya baridi, maana kiangazi ni kikavu na kwa desturi hawamwagilii. Wakati wa kupogoa huacha matawi 6 yaliyotawanyika pande zote. Vishada vinaning'inia chini ya goti, na kwenye matuta yale ya kuta za mawe trekta haina pa kupita. Mgongo ndio mashine. Unesco waliuorodhesha ukulima huu mwaka 2014, mgongo hawakuutaja.

Kuchuma kwenyewe ndiyo sehemu rahisi. Huku zinatengenezwa divai tamu iitwayo passito. Zabibu za Agosti huanikwa juani wiki 3 hadi 4, zikigeuzwa kwa mkono na zilizooza kutolewa moja moja. Usiku wenye umande, au wingu likionekana, unakimbia na turubai. Ukichelewa, zinaota ukungu. Ukisahau kufunua asubuhi, joto na unyevu vinaleta ukungu uleule.

Septemba huvunwa nyingine, zinakamuliwa, maji yake yanaanza kuchachuka. Hapo zile kavu, zikishanyofolewa vikonyo kwa vidole, hutiwa kidogo kidogo. Ukimwaga zote kwa pamoja, sukari inailemea chachu, inasimama njiani, na ukizubaa pipa linaelekea kwenye siki. Ikienda vizuri, chachu inachoka yenyewe kwenye kilevi cha asilimia 14 hivi na sukari nyingi inabaki. Ndiyo maana passito ni tamu bila mtu kutia hata kijiko cha sukari. Lita 1 hula karibu kilo 4 za zabibu mbichi. Chupa ya nusu lita kwa euro 30 na zaidi? Pigeni hesabu ya kilo ya Dodoma, kisha mnyamaze.

Bado mnataka kuja? Haya. Kibali cha msimu hakizidi miezi 9, na mwajiri wa Italia ndiye anayeomba kwanza nulla osta, yaani idhini ya kukuajiri, ndipo wewe uende ubalozini kuomba viza. Dalali anayetaka milioni 3 za "fomu" kabla hata hujalijua jina la mwenye shamba, mwambie akachume yeye.