Lori jipya, redio haishiki kitu

Hili lori lina kila kitu yani. Kioo kikubwa cha kugusa, kamera ya nyuma, kiti cha upepo, vitufe mpaka kwenye usukani, sasa njoo kwenye redio, kitu ambacho malori ya kizamani yalikuwa nacho na kikapiga kazi mpaka bodi likaoza, humu ndani haishiki. Ukiwa karibu na mnara inaimba vizuri tu, ukianza kuuacha mji inakwaruza, ukisogea tena kidogo mtangazaji anaanza kuongea nusu nusu, jina la mfungaji wa goli unalisikia ila timu husikii.

Nikawarudishia waliouza. Jamaa kawasha palepale uani, kachagua stesheni yenye mnara wa karibu, "mbona inaimba dereva?" Nikamwambia panda twende barabarani basi, hataki, akaishia kuniambia hizi mpya zote ndo zilivyo, weka nyimbo kwenye flashi. Mtu anayekwambia hivo hajawahi kuendesha usiku peke yake. Flashi haikupi taarifa ya barabara iliyofungwa huko mbele, na baada ya muda unajua wimbo gani unafuata kabla haujaanza, usingizi unaingilia hapohapo.

Sasa kitu ninachotaka kusema ni hiki, kabla hujakubali kuuziwa redio nyingine (maana hapo ndo kila mtu anakimbilia, fundi wa kwanza kabla hata hajashika bisibisi alishataja bei ya redio), ujue kwanza tatizo ni signo (mawimbi ya stesheni) kufika dhaifu au ni kelele zinazotoka ndani ya lori lenyewe. Kwa masikio yanafanana, yote ni chwaaaa, lakini ni mambo mawili tofauti. Ni sawa na mtu anayekusemesha kwa kunong'ona na mwingine anayekusemesha sauti ya kawaida ila mmesimama pembeni ya jenereta, wote huwasikii, ila wa pili dawa yake ni kuzima jenereta sio kumwambia apige kelele.

Kutofautisha wala hakuhitaji fundi. Paki sehemu ya wazi, sio chini ya nyaya za umeme mkubwa wala ndani ya gereji la mabati, zima injini, swichi iache kwenye redio tu, alafu chomoa kila kitu ulichochomeka, kila kitu, chaja ya simu, kamera ya dashibodi, friji kama unalo, taa za urembo. Tafuta stesheni inayoshika kwa shida, usichague ile yenye nguvu maana yenye nguvu inaficha kila kitu, hata redio mbovu inaishika. Sikiliza. Kisha anza kurudisha kimoja kimoja huku sikio liko kwenye spika, mwisho ndo unawasha injini. Ukisikia kitu kinalia wiiii na sauti inapanda ukikanyaga mafuta, hiyo ni alteneta. Kwenye magari ya petroli kuna nyingine ya tiktiktik inayokimbizana na injini, inatoka kwenye plagi na koili, sisi wa dizeli hiyo hatunayo.

Kwangu ilikuwa kamera. Ile ya kurekodi barabara ambayo bosi alitaka iwekwe kabla lori halijaanza kazi. Nilipochomoa waya wake tu stesheni moja iliyokuwa imepotea kabisa ikarudi, nikachomeka ikapotea, nikachomoa ikarudi, nikamwita turniboi aje asikie maana nlijua mtu mwingine hataamini. Sio kwamba kamera ni mbovu, inarekodi vizuri. Ila hivi vitu vya kushusha umeme, chaja za USB, zile konveta za kutoka volti 24 za lori kwenda 12, mpaka taa nyingi za LED, ndani yake kuna saketi inayokatakata umeme mara maelfu na maelfu kwa sekunde, na kwenye kukatakata huko inatoa mawimbi ya redio yasiyotakiwa. Ya gharama ina vichujio ndani, ya bei chee vichujio ndo kitu cha kwanza walichopunguza. Alafu aliyeifunga waya kaupitisha kwenye nguzo ya kioo cha mbele sambamba na kebo ya antena kutoka chini mpaka juu, yani ni kama wamefungwa pingu pamoja. Tukauhamishia upande wa pili, tukabadilisha na chaja inayoilisha kamera umeme, tukavisha ferite karibu na kamera (kile kipande cheusi kizito unachokiona kwenye kebo za kompyuta, kinafunguka na kufunga), kelele ikabaki ndogo sana.

Ila mbali bado ikawa haishiki. Hapo ndo ujue nilikuwa na matatizo yote mawili kwa mpigo, kelele imeondoka na signo bado inakuja dhaifu.

Tuje kwenye antena sasa. FM ya sehemu nyingi duniani inakaa kati ya 87.5 na 108 MHz, wimbi lake lina urefu wa kama mita 3, na antena inayofaa ni robo ya hapo, yani sentimita 75 hivi. Ndo maana zile fimbo za zamani zilikuwa na urefu ule, haikuwa mapambo. Magari mapya wameweka kidude kama pezi la papa, au kifimbo kifupi cha mpira, au nyaya zimechorwa ndani ya kioo, na kufidia huo ufupi wameweka amplifaya ndogo palepale chini ya antena. Hiyo amplifaya inataka umeme. Kwingine unaletwa na waya wake peke yake, mara nyingi wa bluu, kwingine unapanda kupitia kebo hiyohiyo ya antena. Umeme usipofika amplifaya haisemi basi ngoja nipitishe signo ilivyo, inaiziba, unabaki na stesheni za jirani tu. Ndo maana watu wengi wakibadilisha redio ya gari wanakuta mpya inashika vibaya kuliko ile iliyotoka, aliyefunga kaacha waya wa bluu unaning'inia au hakuweka ile adapta ya kupandisha umeme kwenye kebo, alafu lawama inaenda kwa redio.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, hakugusa redio kabisa. Kashusha kitambaa cha dari, kaweka mita kwenye waya wa amplifaya, hakuna kitu, akafuata ule waya mpaka kwenye plagi iliyo nyuma ya dashibodi akakuta imeegeshwa tu haijasukumwa mpaka ikalia tak. Lori jipya kabisa! Akaisukuma. Redio ikafunguka pale pale. Alafu akaniuliza, "paa lako hili ni chuma au faiba?" Ni faiba, juu kule kuna ile kofia ya upepo. Antena ya fimbo inahitaji chuma chini yake ili ifanye kazi na ganda la kebo lishike bodi vizuri, ukiifunga juu ya faiba bila kuipa waya wa ethi (wa kuiunganisha na chuma cha bodi) inakuwa nusu antena. Kwenye langu ethi ipo lakini nati ilikuwa imekaa juu ya rangi, akakwangua mpaka chuma kikaonekana, akakaza, akapaka grisi isipate kutu. Hii ya kukwangua rangi ilisaidia kidogo tu kusema kweli, plagi ndo ilikuwa mwenyewe.

Kama huna fundi wa namna hiyo kuna kipimo cha kimasikini. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, chukua kipande cha waya cha sentimita 75, kichomeke kwenye tundu la katikati, upande mwingine utoe dirishani usimame wima. Kama huo waya unashika vizuri kuliko antena ya kwenye paa basi redio yako haina ugonjwa, rudi kwenye antena. Zile plagi ndogo za plastiki za rangi rangi za magari ya siku hizi usizilazimishe na waya mnene, tundu lake ni dogo na ukilipanua umejitengenezea kazi.

Alafu kuna watu hawana tatizo lolote la waya, ni seti tu. Redio ikiwa imesetiwa mkoa wa Marekani inaruka kwa 0.2 na inatua kwenye desimali za witiri tu, 92.1, 92.3, 92.5, sasa stesheni yako iko 92.4, itashikaje? Unaikuta pembeni inakwaruza unadhani signo mbovu. Na AM kule wanaruka kwa 10 kHz wakati kwingine kwingi ni 9. Ingia kwenye seti tafuta eneo, badilisha. Angalia pia kama hujawasha LOC, hiyo inaiambia redio ikiwa inatafuta iruke stesheni dhaifu. AF nayo, ile inayohamisha masafa yenyewe kufuata stesheni, kama redio inakatakata sauti kila baada ya muda jaribu kuizima. Na kama kuna sehemu ya mono weka mono ukiwa mbali, stereo inataka signo yenye nguvu zaidi ndo itulie, kwa mpira na taarifa stereo ya nini.

Walionunua gari jipya kwao lakini limetoka Japani likiwa limetumika, nyie habari yenu ni nyingine kabisa. FM ya kule inaanzia 76 na redio zao nyingi za zamani zinaishia 90, kwa hiyo stesheni za juu hazipo humo hata ungeweka antena ndefu kama mnazi. Zile ekspanda (vidude vya kushusha stesheni za juu ziingie kwenye masafa ya redio hiyo) zinasaidia ila na zenyewe zinaingiza mikwaruzo yake, hapo ndo mahali pekee nitakwambia nunua redio.

Vingine ni tabia ya FM tu, usimsumbue fundi. FM inakwenda moja kwa moja, mlima ukikaa katikati imekwisha. Na ile ya kusimama kwenye foleni katikati ya maghorofa stesheni inapotea, ukisogea nusu mita inarudi, hayo ni mawimbi yanagonga kuta na kukufikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja yanauana yenyewe. Sogea tu.

Kilichobaki kwangu ni AM. Watu wanaidharau ila mimi usiku naipenda, jua likizama tabaka la chini la ayonosfia (ile anga ya juu yenye chembe za umeme) lililokuwa linayameza yale mawimbi mchana linatoweka, yanapanda juu na kurudi chini mbali sana, unajikuta unasikiliza stesheni ya nchi nyingine na lugha huijui. Shida AM haivumilii kelele hata kidogo. Kuna watengenezaji wa magari ya umeme walioitoa kabisa kwasababu ya kelele za mota. Kwenye lori langu FM sasa iko safi ila AM injini ikiwaka inavuma, na nikizima konveta ya volti 12 inapungua zaidi ya nusu, kwa hiyo mshukiwa anajulikana. Nimeshavisha ferite kwenye nyaya zake za kuingia na kutoka, imepungua ila haijaisha. Kinachofuata ni kuitoa hapo chini ya dashibodi niipeleke nyuma ya kiti na ethi yake iende bodi kwa waya mfupi mnene, na ikigoma nanunua konveta nyingine yenye boksi la chuma sio hili la plastiki.